Kata ya Mbege kwa Aliyetoka Gerezani

Mwanangu wa mwisho nilimfunga mimi. Watu wa Uru wakitaka kunistahi wanasema alifungwa na hakimu, lakini hakimu alimkuta tayari yuko mikononi mwa polisi, na polisi nilimpeleka mimi, nimemshika ukosi wa shati. Alikuwa ameifungua mota ya mashine yangu ya kusaga nafaka, akaiteremsha hadi Rau, akaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na pesa yote akaivuta. Nasema akaivuta kwa sababu alikuwa teja, mtu wa dawa za kulevya, na kila mtu kijijini alilijua hilo kabla yangu.

Jirani mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Mzazi gani anamfunga mtoto wake?"

Nikamjibu, "Mwenye mashine isiyo na mota."

Sijutii, na siandiki haya ili nijutie. Naandika kwa sababu wengi kwetu wana kijana wa namna hiyo, wengine wamemficha ndani, na niliyoyaona gerezani sikuyategemea.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Nilianza maisha kwa kusukuma mkokoteni wa ndizi sokoni Moshi, nikawa mnunuzi, nikanunua mashine, na mashine ikawasomesha watoto wakubwa na kuninunulia bati ninalolala chini yake. Inasaga mahindi kama mashine zote, lakini kilichonijengea jina ni kimea cha ulezi. Karibu kila mama anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kuanzia barabara kuu hadi juu kwenye msitu, anakuja kusagia kwangu, maana nasaga laini na sichanganyi na cha mwenzake.

Kijana wangu hakuipenda mashine. Alikwenda kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Wabebaji wenyewe wanajiita wagumu, na alikuwa mgumu kweli, alibeba mzigo ambao mimi ningeutazama mara mbili. Tatizo halikuwa kupanda. Wakishuka na bakshishi mfukoni wanakaa mjini kungoja safari nyingine, na kungoja ndiko kulikomharibu. Ikaanza bangi, ukaja unga, mwisho ikaja mota yangu.

Sasa msomaji asiye Mchagga anielewe. Kwetu watoto wakubwa wa kiume wakioa wanapewa sehemu zao wanakwenda. Anayebaki na nyumba ya wazazi ni wa mwisho. Ndiye anayerithi kihamba, yaani migomba, kahawa na makaburi ya wazee yaliyomo humo. Kwa hiyo wa mwisho akipotea, nyumba nzima inakosa mtu. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, na sikumwambia yeyote.

Kumtembelea sikwenda. Mama yake alikwenda kila alipopata ruhusa, na akirudi ananiletea habari hata kama sikuuliza.

"Amenenepa," alisema siku moja.

"Analishwa na serikali, kwa nini asinenepe?"

"Wamemweka kwenye matibabu. Wako kikundi kizima. Wanapewa dawa, halafu wanakaa wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Habari zao."

"Kwa hiyo mimi nalipa kodi ili mwizi wa mota apate mahali pa kuongea habari zake."

"Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema mke wangu. "Mimi nimetoka huko na kikapu kichwani, nimechoka."

Nisingekwenda. Kilichonitoa ni simu ya ofisa ustawi wa jamii wa pale gerezani, mama mmoja mwenye sauti ya upole, lafudhi yake ya watu wa ziwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mwanao amebakiza muda mfupi. Kwenye programu yetu kila anayekaribia kutoka anachagua mtu wa kumpokea na kumsimamia huko nje. Amekutaja wewe."

"Amekosea. Mwambie amtaje mama yake."

"Nilimwambia hivyo hivyo, baba. Amesema mama yake atamhurumia."

"Na mimi?"

"Amesema wewe hutamhurumia, na hicho ndicho anachokitaka."

Nilifurahi. Tangu mtoto yule azaliwe sikuwahi kusikia amesema neno lenye akili kama hilo. Siku waliyoniita nikavaa koti langu la kanisani nikashuka.

Getini askari aliniamkia, akanipekua kwa adabu, akabaki na simu yangu. Nikapelekwa kwenye banda la mabati nyuma ya karakana ya useremala. Mabenchi yalikuwa yamepangwa duara, na wafungwa wa kikundi kile wamesimama mstari na nguo zao za rangi ya chungwa. Mbele yao nesi na meza yake. Kila mmoja anakuja, anapewa kikombe kidogo cha dawa, anakunywa, anafuatisha maji, halafu lazima aseme kitu kwa sauti. Nilidhani ni sala. Yule ofisa akanieleza: ukisema, nesi anajua dawa imeshuka, hukuibana mdomoni ukaiuze bwenini. Nikasema moyoni hawa watu wanawajua wanaowatibu. Mimi ningewapa kikombe nikageuka, nikaibiwa tena.

Kwa hiyo mmoja anakunywa anasema, "Asante dada." Mwingine anasema, "Leo maharage hayakuiva." Mwanangu akafika, akanywa, akaniona nyuma ya nesi.

"Shikamoo baba," akasema.

Ndilo lililokuwa neno lake la kunywea dawa siku ile.

"Marahaba," nikasema, na nesi akaandika.

Tulipokaa nikamuuliza mbele ya wote, maana mimi sina siri na watu wazima. "Dawa hiyo inakufanya nini?"

"Inaniondolea arosto, baba. Yale maumivu ya kuukosa unga. Hainileweshi."

"Kwa hiyo umeacha cha kuvuta, umeshika cha kunywa."

Yule ofisa akaingilia. "Baba, wewe unameza dawa ya presha?"

"Nameza."

"Uiache basi."

"Nikiiacha nitaanguka."

"Haya," akasema.

Wafungwa wakacheka. Nilicheka na mimi. Mtu akinishinda kwa haki namwachia.

Waliongea kweli, kama mke wangu alivyosema, lakini hayakuwa mazungumzo ya kijiweni. Mtu anasimama anasema alivyouza sare za shule za mtoto wake, na mwenzake anamkatiza, "Hapo umeruka. Sema ulimwambia nini mkeo." Anarudi nyuma anasema. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyemfokea. Nilipomfunga kijana nilitaka jela imchape. Haikumchapa, ilimkalisha kwenye benchi akajisikia mwenyewe, na nilivyomwona anatoka jasho pale, fimbo ingekuwa nafuu kwake.

Zamu yangu ikafika. Ofisa akaniuliza, "Baba, nyumbani kwako kuna kitu gani kinachoweza kumrudisha?"

"Hakuna. Kuna kazi."

"Pombe je?"

"Kuna mbege."

Akainua macho. Nikaona nimweleze kabla hajaelewa vibaya. "Mbege ni chakula. Mimi nimekulia mbege. Huyu hakuiba mota kwa sababu ya mbege."

"Mimi si wa huku, baba. Nieleze."

Nikamweleza, na kwa raha zangu, maana ni jambo ninalolijua. Ndizi zinavyoivishwa, zinavyopikwa hadi ziwe nyekundu, magome ya msesewe yanavyotia uchungu, kimea cha ulezi kinavyotiwa mwisho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Inalevya?" akauliza.

"Inategemea umekunywa kiasi gani."

"Hata unga unategemea," sauti ikatoka nyuma, na benchi zima likaangua kicheko.

Mfungwa mmoja wa makamo, mtu wa Sanya Juu, akanyoosha mkono. "Meku, naomba niseme." Meku ni mzee kwa lugha yetu, na nilijua ni mwenzetu. "Mimi hii ni mara yangu ya pili kukaa hapa. Mara ya kwanza nilitoka mzima kama huyu mwanao. Dawa nakunywa, akili safi. Nyumbani wakachinja mbuzi, ukoo ukakusanyika, baba mdogo akanipa kata ya mbege ya kunipokea. Nikanywa kwa heshima. Heshima tu, meku. Ile ya kwanza ikaomba ya pili. Jua halijazama nikawa natafuta waliko wenzangu wa zamani. Kesho yake dawa sikwenda kunywa."

"Ulikuwa dhaifu," nikamwambia.

"Ndiyo, meku. Sote humu ndani dhaifu. Wagumu wako nje."

Nikamgeukia mwanangu. "Wewe utakunywa?"

Akatazama viganja vyake. Halafu akasema, "Baba, mimi unga nimejifunza kuukataa. Tumefundishwa, tunaigiza hapa, mwenzangu ananiletea, namkatalia. Lakini kata ya baba mkubwa mbele ya wazee siwezi. Ukinipa nitakunywa. Nakwambia mapema."

"Kwa nini usikatae?"

"Wewe umewahi kuona mtu anaikataa?"

Sikuwahi. Kata ya mbege, kibuyu chetu cha kunywea, ukipewa na mkubwa wako unaipokea kwa mikono miwili. Ukiikataa unasema moja kati ya mawili: imetiwa sumu, au una kinyongo na nyumba hiyo. Hakuna la tatu. Na mtu aliyelala gerezani, asipopokelewa na ukoo kwa kata, anabaki mgeni. Siku nikifa hakuna atakayesimama naye mpakani kusema hiki kihamba ni chake. Kwa hiyo akinywa anarudi kwenye unga, na asipokunywa anakosa nyumba. Nilipanda Uru nikiwa nimebeba mzigo huo.

Kaka yangu ndiye mkubwa wa ukoo. Ndiye anayeshika kata. Nilimwendea, nikamkuta anapogoa kahawa, nikamweleza yote bila kuzunguka. Hakushuka hata kwenye ngazi.

"Mtu ametoka kufungwa anaingia kwa babu zake bila mbege? Analetwa kama gunia la mbolea?"

"Tumpe supu ya mtori."

"Mtori tunampa mzazi. Kwani kijana amejifungua?"

"Kaka, matibabu yake yanakataa."

"Matibabu ya nani? Mbege ilikuwapo kabla ya matibabu." Akakata tawi jingine. "Na wewe, mdogo wangu, ujifikirie. Unasaga ulezi wa Uru nzima, halafu mtoto wako anapokelewa kwa maji. Watu watasema unasaga kitu usichotaka kiingie kwako."

Hapo alinigusa, na alijua amenigusa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu maneno ya kaka.

"Mota ulinunua nyingine," akasema.

"Nilinunua."

"Basi," akasema, akaendelea kumenya ndizi zake. Huyo mwanamke akitaka kukupiga hatumii maneno mengi: mota ina nyingine dukani, mtoto hana.

Sikuwaza mengi baada ya hapo. Watu wanadhani jambo gumu linataka mawazo mengi. Linataka moja linalofaa. Pipa la mbege lililokuwa stoo kwangu nililihamishia kwa kaka. Ulezi niliendelea kusaga, na naendelea hadi leo, maana kazi yangu si ya aibu na wanawake wale wanasomesha watoto kwa mbege. Kaka alipotuma mtu kuniuliza kama sherehe iko palepale, nikajibu iko, aje na kata yake. Akadhani nimeshindwa.

Siku ya kutoka nilikuwa getini asubuhi na mama yake. Alitoka amevaa shati tulilomletea, limembana mabega. Mama yake akamshika uso. Mimi nikamwuliza, "Dawa?"

"Leo nakunywa kliniki ya mjini, baba. Wameshapeleka jina langu."

Tukaanzia huko. Hilo nalo lilinipendeza, hawakumwachia mlangoni kama kuku aliyefunguliwa kamba. Wa ndani walikuwa wamekwisha kusemezana na wa nje. Alikunywa, akasema kitu kwa nesi mpya, tukapanda.

Ukoo ulikuwa umejaa kihambani. Mbuzi ameshachinjwa, moshi unapita kwenye migomba. Wazee wamekaa upande wa makaburi, pale tulipopanda masale kumzunguka baba yetu. Masale ni yale majani marefu ambayo sisi tunayapanda makaburini na mipakani, na mtu akiyang'oa ametafuta kesi. Kijana akapita akiamkia mmoja mmoja. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Walimpokea vizuri. Nani asiyempokea mtu kukiwa na mbuzi.

Kaka akasimama na kata imejaa hadi ukingoni. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, ili wote waone ni salama. Akasema maneno yake kwa Kichagga: huyu ni wetu, alipotea, amerudi, nyumba isimfungie mlango. Maneno mazuri, na nilikubaliana na kila moja. Kisha akanipa mimi kata, kwa sababu anayempa mtoto ni baba yake.

Kijana alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili. Aliniambia atakunywa, na alikuwa tayari kunywa. Niliitazama ile mikono.  

Nikamzunguka. Nikaenda mpaka kwenye masale, nikapiga goti moja, nikaimimina kata yote chini, taratibu, hadi tone la mwisho. Nikasema kwa sauti ya kusikika na viziwi, "Baba, hii ni ya mjukuu wako. Ni fungu lake, leo na siku zote. Kaa nayo wewe. Usimrudishie."

 Sote tunajua mzee aliyekufa akipewa kitu hanyang'anywi. Kila sherehe tunammwagia tone kidogo kabla ya kunywa. Hakuna sheria inayosema tone tu.

Kaka akaniangalia. "Umemwaga yote."

"Nimempa baba. Unataka nikamnyang'anye?"

"Fungu la mtoto lote?"

"Lote. Amepokelewa au hajapokelewa? Kata imetoka, umeionja, imenywewa na mkubwa kuliko wewe."

Shangazi yetu, aliyebaki peke yake kati ya dada za baba, akaanza kucheka kwenye kiti chake. "Mwacheni marehemu anywe," akasema. "Akiwa hai mlikuwa mnampunja."

Wazee wakacheka, na kicheko kikishapita mahali, hasira inakosa pa kukaa. Kaka akachukua kata yake tupu, akaifuta kwa kiganja, akatamka kwamba kijana amepokelewa. Alitamka yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, wote wakasikia. Nikampa kijana bakuli la mtori mbele yao, akanywa, hakuna aliyesema amejifungua.

Sijui kama atasimama daima. Wale wa programu waliniambia wazi kwamba wengine wanarudi, na mimi napenda mtu anayeniambia hivyo kuliko anayeniahidi. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi anateremka kliniki, akirudi ananikuta mashineni, na simwulizi habari. Namtazama macho, anajua namtazama, tunawasha mota.

Lakini siku ile haikuishia kwenye kaburi. Jioni, watu wameshiba na wengine wameanza kuaga, kaka alijaza kata nyingine. Yeye si mtu mbaya, ila hapendi kushindwa, tumezaliwa tumbo moja. Akamwita kijana mpaka alipokaa na wazee wenzake, akamnyooshea.

"Ile ilikuwa ya babu yako," akasema. "Hii sasa ni ya kwako. Ni mimi nakupa, si baba yako."

Mimi nilikuwa ng'ambo, nakata nyama. Ningeweza kwenda. Mke wangu alinishika mkono wa koti, nikabaki. Mtu niliyemfunga kwa mkono wangu sikuweza kumtembeza kwa mkono huo siku zote.

Kijana alichuchumaa mbele ya baba yake mkubwa, kama anavyochuchumaa mtu mwenye adabu. Mikono aliiweka magotini.

"Baba mkubwa, ahsante," akasema. "Yangu anayo babu. Amekaa nayo hapo. Tukimkuta ameimaliza nitakuja kuomba nyingine."

Mzee mmoja akageuza shingo kulitazama kaburi, kana kwamba kweli anaangalia imebaki kiasi gani. Kaka alishika ile kata kwa muda. Kisha akaipeleka mdomoni mwake, akanywa nusu, akamwambia kijana asogeze kigoda akae na wazee, na amweleze huko mlimani mizigo sasa wanapima kilo ngapi.